Siti ya pikipiki kwa safari ndefu: usiongeze sponji kabla hujajua mifupa yako inakaa wapi

#1 Mpita Same (mwanzisha uzi), Moshi

Wakuu, habari za majukumu.

Kila baada ya wiki mbili tatu mtu anaingia hapa kuuliza siti ipi inafaa kwa safari ndefu, na jibu la kwanza huwa "ongeza sponji". Nililifuata jibu hilo, likanigharimu hela na safari nzima. Leo nimepata nafasi, acha niweke yote niliyojifunza, maana naamini kuna watu wameacha kusafiri na pikipiki wakidhani ni mwili wao hauwezi, kumbe ni siti.

Natumia Honda XR250 ya mtumba kutoka Japani. Injini sina lawama nayo. Siti ni ubao. Na ilitengenezwa hivyo kwa makusudi: dereva wa pikipiki ya vumbi na mawe husimama muda mwingi, anabana tenki kwa magoti, anasogea mbele na nyuma. Siti nyembamba inamruhusu kufanya hayo. Ukiipeleka lami ukakaa palepale saa sita, unaidai kazi ambayo haikuumbiwa.

Safari ya kwanza nilitoka Moshi alfajiri kwenda Tanga kumwona mama mdogo. Mpaka Mwanga sikuhisi kitu. Same nikaanza kuhamahama, mara tako la kulia, mara la kushoto. Hedaru nikawa nasubiri tuta kwa hamu ili nipate sababu ya kusimama. Mombo nilishuka nikashindwa kukaa hata kwenye benchi la mama wa chai. Nilikunywa nimeegemea nguzo.

Niliporudi nikaipeleka siti kwa fundi sofa mmoja. Akaongeza sponji la godoro inchi tatu, akavalisha kava jipya. Pale kibarazani kwake ukikaa unajiona uko sebuleni kwa mtu. Nikalipa, nikashukuru. Safari ya pili, kabla hata ya Same, nilikuwa nimezama mpaka chini, nakalia ubao uleule. Tofauti ni kwamba sasa kingo za sponji zilikuwa zinabana mapaja, na nimeinuliwa kiasi kwamba nikisimama miguu inagusa chini kwa vidole tu.

Kwa nini inakuwa hivyo? Kalia mikono yako juu ya kiti kigumu, utagusa mifupa miwili chini ya nyonga. Ukikaa wima, uzito wa kiwiliwili unashukia hapo. Sponji laini linaiachia mifupa hiyo ipite moja kwa moja. Mapovu yake yote yanabanwa, halina tena nguvu ya kukusukuma juu. Nyama iliyo kati ya mfupa na siti inaminywa, damu inapita kwa shida, na ndipo ule moto unapoanza. Dakika tano za dukani haziwezi kukuonyesha hilo.

Nikaamua kuanza upya kwa kupima.

Kipimo cha kwanza ni boksi. Nilichukua boksi la televisheni, lile la karatasi yenye mawimbi ndani, nikalitandika juu ya ngazi ya saruji. Nikakaa, magoti juu kidogo kama niko kwenye pikipiki, nikajivuta chini kwa mikono kama sekunde ishirini. Nilipoinuka vilikuwepo vishimo viwili. Nikavizungushia kalamu, nikapima kutoka katikati ya kimoja hadi katikati ya kingine: sentimeta 12 na nusu. Watu wazima wengi huangukia kati ya 10 na 15, na wanawake kwa wastani ni wapana zaidi. Kisha nikapima siti pale ninapokaa. Sehemu yake iliyo bapa ilikuwa na upana wa sentimeta 13. Maana yake mifupa yangu ilikuwa inakalia ukingo, pale siti inapoanza kuteremka pembeni. Hapo ndipo nilipoelewa kwamba hata sponji la bei gani lisingenisaidia. Tatizo lilikuwa umbo.

Kipimo cha pili ni mizani. Kata kipande cha sponji sentimeta 10 kwa 10 kwa 10. Hiyo ni lita moja kamili, kwa hiyo gramu utakazosoma kwenye mizani ndizo kilo kwa mita ya ujazo. Sponji langu la godoro lilisoma gramu 22. Lile la mabaki, la rangirangi, linalosagwa na kugandishwa tena, lilisoma 84. Uzito na ugumu si kitu kimoja, mnisome vizuri hapo, lakini sponji jepesi huchoka haraka na likichoka halirudi.

Nikiwa na namba hizo nikaenda kwa fundi mwingine, kijana wa Majengo hapa Moshi, nikamwomba nikae naye siku nzima. Tulipong'oa kava, pini za stepla zilikuwa zimeoza kwa kutu, zinakatikia kwenye koleo. Sponji la chini lilitoa maji ukilikamua, na ilikuwa Septemba, mvua za masika zilishasahaulika. Tulilitupa lote la godoro. Sponji la kiwandani tukaliacha likauke juani siku mbili, tukalitumia kama msingi. Pale makalio yanapokaa tukakata bapa, tukaweka sponji la mabaki sentimeta 4, na juu yake tabaka laini la sentimeta 1 na nusu tu. Upana wa nyuma ukafika sentimeta 24. Mbele, karibu na tenki, tukaacha nyembamba kama ilivyokuwa.

Kazi kubwa ilikuwa mabawa ya pembeni. Kitako cha plastiki cha XR ni chembamba, na sponji likining'inia nje ya kitako bila kitu chini, linakunjika ukilikalia. Fundi akakata vipande viwili kwenye ukuta wa pipa la plastiki la bluu, akavipasha moto vikafuata umbo, akavifunga kwa riveti na washa pana (vile vipete vya kuweka chini ya kichwa cha riveti). Mimi nisingefikiria hilo.

Nimeijaribu Moshi–Marangu mara tatu, na Moshi–Arusha, kilomita 80 kila upande, kwenda na kurudi bila kushuka. Iko vizuri, ila nahisi kitu kidogo ambacho bado sijakielewa: kila baada ya nusu saa najikuta nimesogea mbele kwenye tenki. Wiki ijayo naenda Dodoma kupitia Babati na Kondoa. Nikirudi nitaleta majibu.

Wenye uzoefu karibuni, hasa mafundi.

#2 Chalii wa Sakina, Arusha

Mkuu uzi umeshiba. Nina swali moja. Mimi nina TVS HLX 150, nataka kwenda Mwanza Desemba. Kuna jamaa ananiuzia mto wa jeli wa kuweka juu ya siti, nimeukalia dukani unapoza kabisa. Niuchukue?

#3 Mpita Same, Moshi

Chalii, jeli inapoza mwanzoni kwa sababu inavuta joto la mwili wako. Ikishashiba joto, inabaki nalo. Weka pikipiki juani saa saba mchana pale Same halafu njoo uikalie, utajua nasema nini. Jeli haishindwi kusambaza uzito, inafanya kazi hiyo, ila iwe ndani ya siti chini ya tabaka la sponji, isiwe juu inakutana na jua. Na HLX ina siti ndefu na pana kuliko yangu, yawezekana huna tatizo la umbo. Pima kwanza na boksi.

#4 Sindano Ndefu, Arusha

Nimefanya siti za pikipiki na magari miaka kumi na minne, tangu nilipoanzia mtaa wa Unga Limited hadi sasa. Nimesoma post ya kwanza mara mbili na namshukuru aliyeiandika, kwa sababu wateja wengi huja na neno moja tu: "niwekee laini". Fundi naye ana njaa, anakuwekea laini, unaondoka umeridhika, unarudi baada ya mwezi umenuna.

Naongeza mambo ambayo mteja hawezi kuyaona, ili mjue cha kumwuliza fundi.

Gundi. Inapakwa pande zote mbili, nyembamba, unasubiri mpaka ukigusa kwa kidole haivutiki, ndipo unagandisha. Mafundi wengi humwaga gundi nyingi ikiwa bado mbichi. Ikikauka inafanya ganda gumu kama karatasi ya msasa katikati ya sponji mbili, na mfupa wako utalipata ganda hilo baada ya saa moja. Nimefungua siti nyingi za watu wanaolalamika kwamba "sponji ni gumu", nikakuta sponji halina kosa, ni gundi.

Kava. Ngozi bandia nene isiyovutika ikikazwa sana inakuwa kama ngozi ya ngoma. Unakalia ngoma, sponji la chini halifanyi kazi yoyote. Tafuta ile inayovutika pande zote, ivute kutosha kuondoa mikunjo tu. Ukibonyeza kwa ngumi na kava likaingia ndani pamoja na sponji, sawa. Kama ngumi inadunda, mrudishie fundi alegeze.

Mshono. Usikubali mshono upite pale mifupa inapokaa, hata kama fundi anakuambia ndiyo mtindo. Mishono ya urembo ikae pembeni na nyuma. Kwanza inaumiza, pili kila tundu la sindano ni mlango wa maji. Yale maji aliyoyakuta mwanzisha uzi yalipitia hapo. Mimi huweka nailoni nyembamba kati ya sponji na kava. Inapiga kelele kidogo siku za kwanza, baadaye inatulia. Na chini ya kitako usizibe matundu yote, maji yakiingia yapate pa kutokea.

Kuchonga. Nakata kwa kisu cha mkate chenye meno, namalizia kwa grinda yenye msasa wa nafaka kubwa, kwa mkono mwepesi. Natoa kidogo, mteja anakaa, anashuka, natoa tena. Siti ya safari sijawahi kuimaliza kwa mara moja. Mteja mwenye haraka namwambia ukweli, aende kwa mwingine.

Kuhusu kusogea mbele kwenye tenki, ndugu, nadhani najua tatizo. Ila kwanza nenda Dodoma, uje uniambie unapofika unaumwa wapi.

#5 Mama Wawili, Usa River

Habari zenu. Mimi ni mwanamke, mfupi, na naendesha mwenyewe. Kazi yangu inanipeleka Karatu mara mbili kwa mwezi. Nilinunua Himalayan, ile pikipiki ya Royal Enfield, kwa sababu niliambiwa siti yake iko chini, na bado miguu ilikuwa inafika kwa vidole. Nikaipeleka ikachongwa, wakatoa sponji kama sentimeta 5 siti nzima. Sasa miguu inafika chini, lakini nikishapita Makuyuni nalia. Magoti pia yamekunjika sana, yanauma kabla ya makalio. Kuna namna ya kuirudisha bila kurudi kwenye vidole? Na samahani kama swali ni la kijinga.

#6 Sindano Ndefu, Arusha

Dada, swali si la kijinga hata kidogo, ndilo ninaloulizwa zaidi na wanawake na nasikitika majibu wanayopewa.

Himalayan ile ya injini ya cc 411 siti yake ni milimita 800 kutoka chini. Si juu. Linganisha na BMW R 1250 GS ambayo ni 850 au 870 kulingana na unavyoipanga, au Suzuki DR650 yenye 885. Kinachokunyima kufika chini ni upana wa siti pale mbele, mahali mapaja yanapopita ukisimama. Miguu ikitanuka kuzunguka siti, urefu unaupotezea hewani. Kwa hiyo badala ya kushusha siti nzima, unakata pembe mbili za mbele, kushoto na kulia, kuanzia tenki mpaka kiganja kimoja hivi kwenda nyuma, mkato wa mshazari. Nyuma unarudisha sponji lote walilotoa, tena gumu zaidi. Ukisimama kwenye taa unasogea mbele, miguu inashuka moja kwa moja. Ukiendesha unarudi nyuma kwenye upana. Magoti nayo yatafunguka kwa sababu umeinuka.

Njoo na boksi lako limeshakaliwa, nione vishimo. Kwa mwanamke nisingekata chochote bila kuona hivyo vishimo.

#7 Mzee wa Masafa, Moshi

Vijana wangu, mmesema vizuri. Nimeendesha tangu enzi za Yamaha DT na Honda XL za miradi, nikiwa bwana shamba, na leo ni mstaafu. Niruhusuni niseme juu ya kitu kilicho juu ya siti, yaani mtu mwenyewe.

Mwili juu ya pikipiki unakaa sehemu tatu: makalio, miguu na mikono. Ukiketi wima kabisa, makalio yanabeba karibu kila kitu, na kila shimo linapanda moja kwa moja kwenye uti wa mgongo. Ukiinamia mbele kidogo, tumbo likashika kazi, miguu imekanyaga chini ya magoti, mzigo unagawanyika. Pikipiki zile za kunyoosha miguu mbele zinapendeza mjini. Kwa barabara yetu yenye matuta, mgongo ndio unaolipa. Kwa hiyo kabla ya kuchonga siti, angalia usukani. Kuuzungusha kidogo tu kuja nyuma au kwenda mbele kunabadilisha mahali unapokalia.

Pili, simama. Kutoka Moshi mpaka Tengeru kuna matuta ya kutosha kukupa mazoezi ya bure: Bomang'ombe, Kikatiti, Maji ya Chai. Kila tuta inua makalio, kunja magoti, acha pikipiki ipite chini yako. Damu inarudi. Mimi kila saa moja na nusu nashuka hata kama siumwi, natembea dakika kumi, nakunywa maji. Anayesubiri maumivu ndipo ashuke ameshachelewa, maumivu hayo hayaondoki tena siku hiyo.

Tatu, ngozi ya kondoo. Hiki ndicho kitu cha bei ndogo kilichonifaa kuliko vyote. Manyoya yanapitisha hewa chini yako, jasho linakauka, na juani hayashiki moto kama kava jeusi. Lakini sikilizeni: kondoo wetu mwekundu wa Kimasai ana nywele fupi, hana sufi. Ngozi yake ni nzuri kwa kukalia nyumbani, kwenye pikipiki inalala siku ya kwanza tu. Unataka ngozi ya kondoo wa sufi, manyoya yamesimama, yamekatwa kama sentimeta 2 au 3. Yangu niliipata kwenye mitumba ya soko la Memorial hapa Moshi, ilikuwa kava la kiti cha gari, nikaikata. Ikinyeshewa inakuwa nzito, basi beba mfuko wa plastiki wa kuifunika.

Marekani kuna chama kinaitwa Iron Butt Association, wanatoa cheti kwa anayemaliza maili 1,000 ndani ya saa 24. Hizo ni zaidi ya kilomita 1,600, yaani Moshi mpaka Dar, kurudi, na kuanza kwenda tena. Siwashauri mjaribu kwa barabara zetu na ng'ombe wa usiku. Nataja ili mjue mwili wa binadamu unaweza, ukiandaliwa.

#8 Kijiwe Kiboriloni, Moshi

Shikamoo mzee. Wakuu, mimi ni bodaboda, Boxer 150, nakaa juu ya siti kuanzia saa kumi na mbili asubuhi mpaka saa tatu usiku. Nina mambo mawili tu.

Moja, shokapu. Watu wanabadilisha siti mara tatu na shokapu za nyuma zimekufa au zimekazwa mpaka mwisho kwa ajili ya kubeba abiria na mizigo. Ukisafiri peke yako, legeza ile pete ya chini ngazi moja au mbili. Rafiki yangu alikuwa anailaani siti kila siku, tulipolegeza akanyamaza.

Mbili, nguo. Ukivaa jinzi, mshono wake mnene unakaa palepale penye mfupa. Na boksa ya pamba ikishalowa jasho haikauki, inakusugua mpaka unatoka vipele. Hapa Kiboriloni kwenye mitumba zinakuja kaptula za waendesha baiskeli, zile zenye pedi ndani. Naivaa chini ya suruali ya kitambaa chepesi, bila boksa. Pedi iwe imeshonwa vizuri, isiwe na mkunjo. Tangu nimeanza sijawahi kurudi kwenye jinzi kwa safari ya zaidi ya Himo.

#9 Nesi wa Zamu, Moshi

Naomba niongeze kwa upande wa afya, maana wanaume wengi wanaona aibu kusema.

Ganzi ya makalio baada ya saa mbili ni jambo la kawaida, ukishuka inaondoka ndani ya dakika chache. Ganzi ya sehemu za siri ni jambo jingine. Hiyo inatoka kwenye mshipa wa fahamu unaopita kati ya ile mifupa miwili, na inakuja pale siti inapokuwa imeinuka katikati au mbele, uzito ukahama kutoka kwenye mifupa ukaenda kwenye nyama laini ya katikati. Usiizoee. Shuka, na umbo la siti libadilishwe. Ikiwa ganzi haiondoki baada ya saa kadhaa, au unapata shida kukojoa, nenda hospitali siku hiyohiyo.

Wenye bawasiri, ile mito ya duara yenye tundu katikati isiwadanganye kwa pikipiki. Inavuta nyama kuelekea kwenye tundu, na mtikisiko unaongeza. Maji mengi, choo laini, na kushuka mara kwa mara vitawasaidia zaidi. Na anayejizuia kunywa maji ili asisimame kwenda haja ndogo, joto la Same litamshika vibaya.

Vipele vya msuguano: oga, kausha kabisa, paka mafuta ya mgando mepesi asubuhi kabla ya safari. Vikianza kuwasha kwa duara jekundu lenye ukingo, hiyo ni fangasi, inahitaji dawa yake.

#10 Chalii wa Sakina, Arusha

Nimepima na boksi. Sentimeta 11. Siti ya HLX bapa yake ni 21, kwa hiyo umbo sina shida nalo, mshono ndio unapita katikati kabisa. Jeli nimeiacha. Sasa kuna mtu kaniambia niagize siti Marekani, Corbin au Sargent, au ule mto wa hewa wa AirHawk. Mnasemaje?

#11 Mzee wa Masafa, Moshi

Mwanangu, siti za Corbin na Sargent ni nzuri na Corbin wanasifika kwa ugumu, jambo linalokuonyesha kwamba wanaojua hawakimbilii ulaini. Lakini wanatengeneza kwa pikipiki kubwa zinazouzwa kwao. HLX hutaipata. Na bei huanzia dola mia kadhaa kabla ya usafiri na ushuru.

Mto wa hewa unafaa pikipiki yoyote. Ule wa AirHawk una vyumba vidogovidogo vinavyopitishiana hewa, teknolojia iliyotoka kwenye mito ya watu wanaokaa kwenye viti vya magurudumu, ambao wanaweza kutoboka vidonda kwa kukaa. Kosa la kila mtu ni kuujaza. Ukijazwa unakuwa mpira, unayumba kwenye kona. Ukae juu yake, fungua valvu, toa hewa mpaka uhisi karibu unagusa siti, ndipo ufunge. Ubaki umeelea upana wa kidole. Na ukipanda kutoka tambarare kwenda nyanda za juu hewa ya ndani inatanuka, itabidi upunguze tena kidogo.

Ila kwa 11 juu ya 21, mimi ningeanza kwa Sindano Ndefu akuondolee mshono.

#12 Mpita Same (mwanzisha uzi), Moshi

Nimerudi, wakuu.

Nilitoka Moshi saa kumi na moja alfajiri, Babati nikafika kabla ya saa nne. Baridi ya Monduli ilikuwa kali mpaka vidole, makalio salama. Chai na kiazi kitamu Babati, dakika ishirini. Kutoka hapo mpaka Dodoma ni ile barabara ya kilomita 251 iliyozinduliwa 2018, lami tupu, kona nzuri za milimani kuelekea Kolo penye ile michoro ya miambani. Wazee wanaokumbuka njia hiyo ikiwa vumbi na makorongo watanielewa nikisema niliona huruma kupita haraka. Nilisimama kila saa moja na nusu kama mzee alivyoagiza. Nilivaa kaptula ya baiskeli ya Kiboriloni. Dodoma saa kumi jioni nilishuka, nikaagiza chipsi mayai, na nikala nimekaa. Kwenye kiti cha plastiki, nimekaa.

Sasa majibu ya Sindano Ndefu. Mifupa haikuuma kabisa. Nilichoumwa ni viganja na mabega, na baada ya Kondoa ganzi kidogo ya mbele, ileile aliyoieleza nesi. Na bado nilikuwa nateleza kwenda kwenye tenki, narudi nyuma, nateleza tena. Safari ya kurudi nilibeba mbegu za alizeti za shemeji kwenye keria, kilo 30 hivi, na cha ajabu siku hiyo sikuteleza hata kidogo.

#13 Sindano Ndefu, Arusha

Umejijibu mwenyewe kwa zile alizeti. Siti mliichonga ikiwa mezani, bapa kwa jicho. Kwenye pikipiki XR nyuma iko juu, kwa hiyo bapa ya mezani ni mteremko barabarani. Ulipoweka kilo 30, shokapu ikashuka, siti ikawa sawa. Ukiteleza, mikono ndiyo inakusukuma kurudi, ndiyo maana viganja na mabega viliuma, na sehemu ya mbele ndiyo ikakubeba, ndiyo ganzi.

Usichonge tena. Panda pikipiki ikiwa imesimama wima, mtu aishike, weka pima maji ya fundi mwashi juu ya siti pale unapokaa, na wewe umekaa nyuma kidogo ili shokapu ibonyee. Utaona povu limekimbilia upande gani. Kisha inua mbele ya siti kwa kuweka washa za mpira chini ya mpira wa kitako, milimita 5 kwanza. Endesha siku mbili. Kama bado, ongeza 3. Nyuma yake iwe chini kidogo sana kuliko mbele, povu liguse mstari tu.

#14 Mama Wawili, Usa River

Nimetoka kwa fundi jana. Pembe za mbele zimekatwa, nyuma imerudishwa na sponji la mabaki. Boksi lilionyesha sentimeta 14, na ile siti iliyochongwa ilikuwa na bapa ya 15 tu, nilikuwa nakaa kwenye kingo muda wote huo. Nikisimama, nyayo zote mbili zinagusa isipokuwa visigino. Karatu ni Alhamisi.

#15 Mpita Same (mwanzisha uzi), Moshi

Dada, safari njema, tuletee habari ukivuka Mto wa Mbu.

Fundi, nimeazima pima maji kwa jirani anayejenga. Povu lilikimbilia nyuma mpaka likagota, kumbe nilikuwa naendesha kwenye kilima. Nimekata washa kwenye tyubu ya baiskeli, tabaka tatu, zimefika milimita 5 na kidogo. Leo jioni nimekwenda mpaka Himo na kurudi, na tenki sijaligusa. Kesho naongeza tabaka moja, Jumamosi nakwenda Same na kurudi mchana wa jua, na ngozi ya kondoo ya Memorial nimeshaipata.